Mwalimu Aliyeacha Ubao Mtupu

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Mwalimu Aikande Nnko anafuta ubao. Anaufuta wote, kuanzia tarehe iliyoachwa jana na mwalimu wa Hisabati hadi kule chini ambako mikono ya watoto inafika. Kisha anaweka chaki mezani na kupangusa viganja.

Nyuma yake, wanafunzi themanini na tisa wa Darasa la Nne katika Shule ya Msingi Enkutoto, kata ya Oldonyo Sambu, wanamtazama. Madawati ni ishirini na manne. Wengi wamebanana watatu watatu, na waliokosa nafasi wamekaa sakafuni mbele, daftari juu ya magoti. Upepo wa upande huu wa Mlima Meru hauna simile. Unapitisha vumbi kwenye dirisha lisilo na kioo, na kila baada ya muda kidogo mtoto mmoja anapuliza ukurasa wake.

"Leo nataka kujua, kwenu nani anafunga mlango jioni," anawaambia. "Mimi sijui, sijawahi kufika kwenu. Mwambie mwenzako kwanza, halafu uniandikie."

Darasa linachangamka. Kwa dakika kumi hivi hakuna anayegusa penseli. Wanazungumza wawili wawili, Kimaa (lugha ya Wamaasai) kwa wingi na Kiswahili hapa na pale, wakionyeshana kwa mikono urefu wa komeo na ukubwa wa mbwa. Mwalimu anapita katikati yao, anainama, anasikiliza, anauliza neno asilolijua. Taratibu kelele zinapungua zenyewe. Vichwa vinainama, na kinachosikika ni penseli na upepo.

Kipindi kinakwisha na ubao haujaandikwa hata herufi moja.

Mgeni anaweza kudhani mwalimu huyu amekuja kazini bila maandalizi. Yupo mtu aliyewahi kudhani hivyo, na alikuwa bosi wake.

Aikande ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Hakuzaliwa upande huu wenye vumbi na ng'ombe. Alizaliwa upande wa pili wa mlima, kwenye kijani, katika boma la mkulima wa kahawa na migomba aliyeitwa Kaanaeli Nnko. Ni mtoto wa tatu kati ya watano, na tangu akiwa mdogo alisifika kwa kitu kimoja: mwandiko.

"Herufi zangu zilisimama kama askari wa gwaride," anasema. "Walimu walikuwa wananiita niende kuonyesha daftari langu madarasa mengine."

Akiwa Darasa la Sita alishinda mashindano ya insha ya kata. Kichwa cha insha kilikuwa safari ya kwenda mbuga za wanyama. Insha yenyewe iliandikwa ubaoni na mwalimu wao, ikanakiliwa na darasa zima, na Aikande akaibuka mshindi kwa kuwa karatasi yake haikuwa na doa.

"Niliandika kwamba nimeona simba wanne," anasema, na kucheka. "Hadi leo sijaona simba hata mmoja."

Alipomaliza chuo cha ualimu alifundisha kama alivyofundishwa. Aliandika ubaoni, watoto wakasoma kwa pamoja, wakanakili, yeye akasahihisha kwa wino mwekundu. Alipohamishiwa Enkutoto, miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa anazungumza Kimeru na Kiswahili tu. Wanafunzi wake walizungumza Kimaa nyumbani, na Kiswahili walikikuta shuleni. Hilo halikumsumbua sana, kwa maana kunakili hakudai lugha. Kila mkutano wa wazazi ulipofika, madaftari ya darasa lake ndiyo yaliyowekwa mezani.

Kwa miaka minane hakuona tatizo. Kisha, mwezi wa Agosti, miaka mitatu iliyopita, baba yake akafariki.

Kikao cha familia hakikuchukua muda kuamua nani aandike wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani. Kaka yake mkubwa alimsogezea kalamu akamwambia yeye ndiye mwalimu. Aikande alikwenda chumba cha nyuma, akakaa kitandani, akaandika kwa nusu saa. Alizaliwa mwaka fulani. Alibatizwa. Alipata kipaimara. Alifunga ndoa na kujaliwa watoto watano. Alipenda kazi na kushirikiana na jamii. Ameacha pengo lisilozibika.

Aliusoma mbele ya waombolezaji bila sauti kutetemeka. Mchungaji alimshika mkono. Shangazi zake walimwambia ameitendea haki familia.

Siku ya tatu, wageni walipopungua, alikaa na mama yake jikoni wakimenya ndizi. Mama yake, Bibi Hanna, alimenya ndizi mbili au tatu kwanza.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alimwambia. "Lakini nilikuwa nasikiliza nimsikie baba yako. Sikumsikia."

Hakusema kwa kulaumu. Aliendelea kumenya. Lakini Aikande anasema mkono wake wenye kisu ulisimama pale pale.

Baadaye alitoka akaenda kukaa migombani, na huko akaanza kuhesabu aliyoyajua. Baba yake alikuwa anaing'ata punje ya kahawa kupima kama imekauka, na siku zote alitemea upande wa kushoto. Hakuogopa mtu, ila aliogopa kinyonga. Na hakuwahi kuomba radhi maishani mwake, lakini akikukosea, kesho yake asubuhi ulikuta panga lako limenolewa.

"Yote hayo nilikuwa nayajua," anasema. "Hakuna hata moja lililoingia kwenye karatasi. Sikuyaacha kwa sababu ya huzuni, hapana. Katika maisha yangu yote ya shule hakuna mtu aliyeniambia kwamba vitu kama hivyo vinaandikwa."

Alirudi kazini wiki ya pili ya Septemba. Asubuhi ya kwanza aliingia darasani, akawaambia wanafunzi waandike juu ya mtu mmoja wa nyumbani kwao, akaenda kusimama dirishani. Hakuandika kitu ubaoni.

Walisubiri. Walimtazama yeye, wakautazama ubao, wakatazamana. Baada ya dakika arobaini alikusanya madaftari tisini na moja na kwenda nayo ofisini.

Sita yalikuwa na sentensi ambayo mtoto mwenyewe ameitunga. Kama thelathini hivi yalikuwa na tarehe na kichwa cha habari, kimepigiwa mstari kwa rula. Yaliyobaki yote yalikuwa na habari ya usafi wa mazingira, ile waliyoinakili kabla ya yeye kwenda msibani, safari hii ikiwa imeandikwa kwa kichwa.

"Kwa mwandiko mzuri sana," anaongeza. "Huo siwezi kuwanyima. Ulikuwa mwandiko wangu."

Januari ilipofika alipokea Darasa la Nne jipya, akaamua kuanza upya na yeye mwenyewe.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa lugha. Watoto walikuwa na habari tele, lakini walipotakiwa kuzisema kwa Kiswahili zilisinyaa zikawa sentensi tatu. Akawaruhusu wasimuliane kwanza kwa lugha wanayootea ndoto. Neno la Kiswahili likikosekana, mtoto aliandika la Kimaa, akalipigia mstari, na baadaye darasa zima likasaidiana kulitafuta.

Ili aweze kuwafuata, ilimbidi ajifunze. Kila mapumziko alikwenda kukaa jikoni kwa Naisiae, mama anayepika uji wa shule, akiwa na kijidaftari. Naisiae anakumbuka siku za mwanzo kwa furaha isiyofichika.

"Mwalimu alikuwa anaongea Kimaa kama mtoto anayeota meno," anasema akikoroga sufuria. "Lakini hakuona aibu. Nilimcheka mbele ya wanafunzi wake, akaniuliza tena neno lile lile."

Huko jikoni ndiko alikogundua, kwa mfano, kwamba kuna rangi za ng'ombe ambazo Kiswahili chake hakina majina yake, na kwamba mtoto aliyemwona mzito alikuwa akihangaika kutafsiri neno moja ambalo yeye mwalimu angehitaji sentensi nzima kulieleza.

Kikwazo cha pili kilikuwa kalamu yake nyekundu. Zamani alizungushia kila kosa. Mtoto aliyeandika ukurasa mzima wenye makosa ishirini na saba alirudishiwa daftari lenye miduara ishirini na saba, na siku iliyofuata aliandika mistari miwili tu, kwa kuwa mistari miwili haiwezi kubeba makosa mengi. Aikande akaamua kushughulikia kosa la aina moja kwa wiki. Wiki hii nukta. Wiki ijayo herufi kubwa. Yanayobaki anayaona, anayaandika kwenye kijidaftari chake, na kuyaacha yasubiri zamu yao.

Chini ya kila ukurasa, badala ya alama, anaandika swali. Huyo mbuzi alipona? Bibi alijibu nini? Ulijuaje kwamba amekasirika? Anasoma madaftari kumi na manane kwa siku, kwa siku tano, na kila mtoto anapata zamu yake mara moja kwa wiki.

Naye huandika. Watoto wakiinama, na yeye anakaa na daftari lake. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa wa baba yake na lile panga. Aliwasomea wanafunzi, na Krismasi alipokwenda nyumbani akamsomea mama yake. Bibi Hanna alicheka mpaka akafuta macho, akamwambia arudie.

Lakini shuleni mambo hayakuwa shwari. Mwalimu Mkuu, Aristides Rweyemamu, mzaliwa wa Kagera aliyefundisha kwa miaka ishirini na sita, alipita mara tatu mbele ya dirisha la Darasa la Nne mwezi ule wa Februari. Mara zote alikuta kelele ndani na ubao mweupe kwa vumbi la chaki. Mara ya nne alimwita ofisini.

Mwalimu Rweyemamu anakiri kwamba alikuwa na wasiwasi. Darasa la Nne linafanya upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na matokeo yakishuka, anayeitwa kujieleza ni yeye. Alimuuliza Aikande kama amechoka, kama msiba bado unamwelemea, kama angependa apumzishwe apewe darasa la chini. Aikande alimjibu kwamba hajachoka, na akaomba apewe hadi mitihani ya Juni. Mwalimu Mkuu alimpa, ingawa anasema alimpa kwa shingo upande.

Wiki mbili baadaye akaja mzazi.

Lesian Mollel ni mfugaji na mkulima wa mahindi na maharage, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Alifika na madaftari mawili ndani ya mfuko wa nailoni. Moja lilikuwa la binti yake mkubwa, aliyefundishwa na Aikande huyo huyo miaka mitatu nyuma. Jingine lilikuwa la Naisula, binti yake wa pili, aliyekuwa Darasa la Nne wakati huo. La kwanza lilikuwa safi kama kitabu cha dukani. La pili lilijaa makosa, na mengi hayakuguswa na kalamu ya mwalimu.

"Mwalimu, hawa wote ni wanangu, na wewe ni yule yule," alimwambia. "Umepatwa na nini?"

Aikande alimwomba mzee afungue kila daftari na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Lesian alisoma la dada mtu, habari ya faida za reli, akalisoma vizuri mpaka mwisho. Kisha akafungua la Naisula.

Naisula alikuwa ameandika juu yake. Alieleza jinsi baba yao, akidhani yuko peke yake zizini, anavyoongea na fahali mweusi, anavyompa habari za mvua na bei za mnadani, na anavyonyamaza akisikia mtu anakuja. Lesian alisoma mistari mitatu kwa sauti. Iliyobaki aliisoma kimya. Alipomaliza alifunga daftari akasema anaomba aondoke nalo, ataleta.

Alilirudisha siku ya pili. Hakusema kama amekubaliana na mwalimu au la.

"Mfundishe kuweka nukta," alimwambia. "Nilipowasomea nyumbani nilikosa pumzi."

Kilichofuata, Aikande anasema, hakukitarajia, na hakimpendezi kila anapokisimulia.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Alikuwa akisoma madaftari yake kumi na manane ya Alhamisi, akafika kwenye la Naisula. Safari hii nukta zilikuwepo. Naisula alikuwa ameandika hivi:

"Bomba linafunguliwa saa moja. Foleni ni ndefu. Punda wetu ni mzee anatembea polepole. Nikifika shule nimechelewa. Jumanne mwalimu wa zamu alinipigisha magoti juani. Mwalimu ni wewe."

Aliusoma mara mbili. Ilikuwa kweli, ile ilikuwa wiki yake ya zamu. Alikuwa amewauliza wasichana waliochelewa kwa nini wamechelewa. Wao waliinamisha macho, naye akauchukulia ukimya wao kuwa kiburi.

Akachukua madaftari mengine na kuanza kupekua kurasa za nyuma. Alikuta wasichana kumi na mmoja walioandika juu ya bomba mwezi huo, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja alieleza jinsi ya kuweka ndoo ili foleni isikuruke. Mwingine aliandika jina la kila punda aliyemtangulia. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma baadhi ya kurasa hizo na kuuliza chini yake swali juu ya punda.

Chini ya ukurasa wa Naisula hakuandika swali. Aliandika neno moja, nisamehe, na asubuhi yake akalisema mbele ya darasa zima. Watoto hawakujua wafanye nini. Mmoja wao alisimama akasema, "Haya, Mwalimu," kwa heshima kabisa, akakaa.

Madaftari yale kumi na moja aliyapeleka kwenye kikao cha walimu na kuyasoma. Mwalimu Rweyemamu alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba abaki nayo. Jioni alimwita Aikande akamwambia kwamba alikuwa anakusudia kuandikia kamati ya maji ya kijiji, lakini amebadili mawazo.

"Nikiandika mimi watasema shule inaingilia mambo ya kijiji," Mwalimu Rweyemamu anakumbuka alivyomwambia. "Nikamwambia waandike wao. Wana habari kuliko mimi."

Siku iliyofuata Aikande alishika chaki. Watoto walinyoosha mikono, wakatoa sentensi, wakazikataa, wakazipanga upya, na yeye akawa anaandika wanachomwambia. Ubao ulijaa kuanzia juu hadi chini, na siku hiyo maneno yalitoka upande wa madawati. Naisula alichaguliwa kunakili barua kwenye karatasi safi. Nakala yake ipo hadi leo kwenye kabati la Mwalimu Mkuu:

"Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji. Shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa Darasa la Nne. Bomba linafunguliwa saa moja na shule tunatakiwa saa moja. Hatuwezi kuwa mahali pawili. Tunaomba lifunguliwe saa kumi na mbili na wenye sare wachote kwanza. Anayefungua akichelewa kuamka Naisula atamgongea maana ni jirani yao. Tukipata maji mapema hatutapigishwa magoti. Asante."

Wiki nzima ikapita kimya. Kisha, siku ya Alhamisi, mwenyekiti wa kamati, mzee Peter Lemburis, akaonekana anapandisha kwenye uwanja wa shule, fimbo mkononi, barua ikichungulia kwenye mfuko wa koti.

Darasa zima liliganda. Aikande anasema hata yeye aliingiwa na hofu, kwa sababu mzee Peter si mtu wa kutembelea shule, na kijijini si kila mtu mzima anafurahia kuandikiwa barua na watoto. Wanafunzi waliinuka, wakamwinamishia vichwa kama desturi inavyotaka, na mzee akapita akivigusa kimoja kimoja, safu kwa safu, vyote themanini na tisa. Hakuruka hata kimoja. Kisha akawaambia wakae, akatoa barua na kuuliza nani ameiandika.

Aikande alikuwa tayari ameshafungua mdomo aseme ni yeye, pale Naisula aliposimama. Akasimama na aliyekaa pembeni yake. Kisha wakasimama wa nyuma, na walioko sakafuni, mpaka hakukuwa na aliyebaki amekaa.

Mzee Peter aliinua bahasha. Aliwaambia wameliandika jina lake vibaya juu ya bahasha, wamesahau herufi u, na kwamba yeye ni Lemburis, si Lembris. Zaidi ya hapo, akasema, ameisoma barua mara nne na hajakuta uongo.

Akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akawaeleza. Pampu inatumia jua, na tangi hujaa mchana, kwa hiyo maji ya asubuhi huwa yapo tangu jana yake. Saa moja ilipangwa zamani na hakuna aliyewahi kuilalamikia.

"Kwenye kamati tuko sita, wote wanaume," alisema. "Hakuna anayechota maji. Tungejuaje?"

Jumatatu iliyofuata bomba lilifunguliwa saa kumi na mbili, na wenye sare wakachota kwanza. Mwalimu Rweyemamu anatoa daftari la zamu kuonyesha kilichotokea. Kabla ya barua, waliochelewa walikuwa ishirini na zaidi kila siku. Mwezi uliofuata walikuwa wanne, wakati mwingine watano. Miezi michache baadaye wanawake wawili waliingizwa kwenye kamati. Mmoja wao ni mama yake Naisula.

"Nilikuwa nasubiri Juni nimwambie Mwalimu Nnko arudi kwenye utaratibu," anasema Mwalimu Rweyemamu. "Juni ilipofika sikuwa na la kumwambia."

Matokeo ya upimaji wa mwaka ule hayakuwa muujiza, na Aikande hapendi yatiwe chumvi. Mwaka uliotangulia walifaulu sitini na sita kati ya tisini na mmoja. Wake walifaulu sabini na mmoja kati ya themanini na tisa. Kwenye Hisabati walishuka kidogo. Kwenye insha, anasema, hakuna aliyerudisha karatasi tupu.

Si walimu wote wa Enkutoto waliomfuata. Mmoja wao alimwambia waziwazi kwamba mtindo huu unafaa darasa la watoto thelathini, si tisini, na Aikande anakubali kwamba hoja hiyo ina uzito. Ijumaa vidole vyake hukakamaa. Mwaka huu, ambao darasa lake tena lina watoto themanini na tisa, wapo watatu ambao tangu Januari hawajavuka mstari wa pili, na bado hajajua wanachosubiri. Anawaandikia swali kila wiki vilevile.

Hata hivyo habari zimesambaa. Afisa elimu kata alimwomba awaonyeshe walimu wa shule tano za jirani anavyofanya. Alikubali kwa sharti kwamba nao wataandika. Kikao cha kwanza kilifanyika Ijumaa mchana, walimu ishirini na wawili wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Aliwapa kazi ya kuandika juu ya mtu mmoja wa nyumbani. Dakika kumi za mwanzo walitafuta kalamu, wakasimulia hali ya hewa, wakatazama simu. Baadaye mwalimu mmoja kijana aliinama akaandika, na alipomaliza akaomba atoke nje kidogo.

Sasa vikao ni mara moja kwa mwezi, na wanaohudhuria wamefika thelathini na nane.

Mwezi uliopita Aikande alipeleka ombi ambalo Mwalimu Mkuu anasema hajawahi kulipokea tangu aanze kazi. Ameomba apewe Darasa la Kwanza. Ni darasa ambalo walimu wengi hulikwepa: mwaka ujao linatarajiwa kuwa na watoto zaidi ya mia moja na ishirini, wengi wao bila neno la Kiswahili, na wengine watashika penseli kwa mara ya kwanza mkononi mwake. Ombi limekubaliwa. Ameshaanza kukusanya magunia ya kutandika sakafuni, na ameelewana na Naisiae kwamba wiki mbili za mwanzo uji ukishaiva aje darasani kumsaidia lugha.

Anapoulizwa kwa nini aondoke kwenye darasa alilolimudu aende kuanza na wasiojua hata herufi a, Mwalimu Aikande hafikiri sana.

"Hawa wa Darasa la Nne nawakuta wameshafundishwa kunyamaza, na waliowafundisha ni sisi," anasema. "Natumia mwaka mzima kuwarudishia sauti. Safari hii nataka nianze na ambao bado wanapiga kelele."